Nusu ya Nyuma ya Toleo la Saba

Mzee Mizani aliamini mambo mawili tu bila kuyapima kwanza: kwamba mama yake alikuwa mwanamke bora kuliko wote waliopata kuvaa viatu, na kwamba mpiga pampu hakumtupa mwenzake. La kwanza hatuna haja ya kulichunguza. La pili ndilo lililomletea kadhia.

Jina lenyewe lilimshika kazini. Muda wote wa utumishi wake alikuwa mkaguzi wa mizani. Aliingia sokoni na sanduku la mawe ya shaba, akaweka jiwe la kilo kwenye mizani ya muuza nyama, akautazama mshale, kisha ama akagonga muhuri ama akaifunga mizani kwa waya na kuondoka nayo. Wauza nyama walimwamkia kwa ile heshima ambayo mtu humpa mbwa asiyemjua. Alipostaafu, kazi ilimwacha lakini mshale haukumwacha. Akikaribishwa mahali, alikitikisa kiti kabla ya kukikalia. Mkewe aliwaambia wageni wasijali, maana hata siku ya posa alikigeuza kikombe chini juu kusoma kilikotengenezwa, na wakwe wakadhani ni dua.

Wastaafu wengine hufuga kuku, wengine huanza kuwafundisha wake zao kupika. Mizani alijiunga na wakusanyaji wa magazeti ya zamani ya katuni. Walikuwa watu wachache waliokutana Jumamosi mchana katika chumba kilicho juu ya duka la miwani, kwa sababu mwenye duka ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao. Ukutani palikuwa na ubao wa kupimia macho, herufi kubwa juu na ndogo chini, na katikati ya mabishano utamkuta mtu amesimama kimya akijaribu mstari wa mwisho. Kila mmoja alikuwa na ugonjwa wake. Mwenyekiti alikusanya katuni za wapelelezi, msusi mmoja alikusanya za mapenzi zenye machozi makubwa kama maembe. Mizani alikusanya moja tu, iliyoitwa Mzamiaji, habari za mtu mwenye kofia ya shaba anayeshuka chini ya bahari kutafuta vilivyopotea. Na kwa kuwa alikuwa na jicho la ukaguzi, walimpa kazi ya kuzipima nakala zinazoletwa. Alizipima, akaziandikia cheti kidogo, akagonga muhuri aliouchonga mwenyewe kwenye raba.

Kila mgeni aliyejiunga alipewa kwanza somo lake. Alianza na mikono: ioshwe, ikaushwe, na mafuta ya kujipaka yabaki nyumbani. Kisha hali. Nakala usiifungue kama mlango, ifungue kama jicho la mtoto aliyelala. Tazama mgongo, maana vimikunjo vya pale ndio umri wake wa kweli. Tazama pini. Zikiwa na kutu, kutu hiyo inatembea kwenye karatasi hata wewe ukiwa umelala. Hesabu kurasa, kwani kuna waliokata kuponi za zawadi na kuna waliokata picha za wasichana, na hao wa pili hawakiri kamwe. Nusa. Karatasi iliyokaa jikoni haifichi, na iliyokaa na mende haifichi zaidi. Selotepu ni dhambi, kupiga pasi ni mauaji. Nakala iliyochakaa ikaachwa ilivyo ni mzee mwenye mvi zake. Iliyochakaa ikatengenezwa ni mzee aliyepaka piko, ukimwona jasho linamtoka jua kwamba ukweli uko njiani.

Halafu ikaja nasaba, na hapo aliivua miwani. Hali utaiona kwa macho, alisema, lakini nasaba lazima uiulize. Nani aliinunua? Aliiweka wapi? Imetoka mkono gani ikaingia mkono gani? Na huyo anayekusimulia, aliona mwenyewe au aliambiwa?

“Kusikia si nasaba,” alikuwa akimaliza. “Kusikia ni umbea uliovaa tai.”

Wageni waliandika. Kanuni ilikuwa nzuri na hakuna aliyeona kwamba mwenye kanuni alikuwa ameketi juu ya kiti kibovu kuliko vyote chumbani.

Ni hivi. Baba yake Mizani alikuwa fundi viatu mwenye watoto wawili wa kiume na uwezo wa kununua gazeti moja. Kila Mzamiaji mpya alipofika, mkubwa alivuta huku, mdogo akavuta kule, na baba akavumilia. Siku walipoangusha kopo la gundi juu ya viatu vya harusi vya mteja, uvumilivu ulikwisha. Akalichukua gazeti, akalifungua katikati juu ya ubao wake, akashika kisu cha kukatia ngozi na kukipitisha kwenye mkunjo kutoka juu hadi chini. Nusu ya mbele, pamoja na jalada, akampa mkubwa kwa sababu mkubwa hutangulia. Nusu ya nyuma akampa mdogo. Hukumu kama hiyo husimuliwa juu ya mfalme mmoja wa kale na mtoto mchanga, ila kule kisu hakikufika. Tangu siku hiyo kila toleo lilipitia kwenye kisu kabla ya kusomwa.

Watoto, ambao sheria zao ni kali kuliko za serikali, waliongeza yao: hakuna kugusa nusu ya mwenzako. Mkubwa alisoma nusu yake kwa sauti, kitandani, kwa mbwembwe. Kisha mdogo, ambaye bado alikuwa na pengo la meno ya mbele, alishika nusu yake kifuani na kusimulia mwisho. Hivyo Mizani alikua akiijua mianzo yote kwa macho na miisho yote kwa masikio.

Toleo la saba lilikuwa roho yake. Mzamiaji yuko chini kabisa, amelipata sanduku la chuma, na juu kwenye mashua rafiki yake anampigia pampu ya hewa. Picha ya mwisho ya nusu ya mbele inaonyesha mpira wa hewa umelegea. Pampu imesimama. Mdogo ndiye aliyeleta faraja: majambazi walikuwa wameivamia mashua, mpiga pampu akapigana nao, akawashinda, akarudi kwenye pampu na kumtoa mwenzake mzima. Katika matoleo yaliyofuata mpiga pampu haonekani tena. Mizani aliuliza sababu, mdogo akafikiri kidogo, akasema amekwenda kuoa. Ikaingia akilini.

Wakaifanya mchezo. Mkubwa alilala chini ya kitanda na ndoo kichwani, mdogo akakaa juu na pampu ya baiskeli, akiisukuma mpaka mishipa ikamtoka shingoni, kwa kuwa aliambiwa akiacha tu, kaka yake anakufa.

Yote hayo yalikuwa zamani. Mkubwa alikwenda kwenye mizani, mdogo akawa fundi wa majokofu, na walikuwa ndugu wa kutembeleana mpaka Mizani alipostaafu na kumwomba mdogo wake zile nusu za nyuma ili aziunganishe na zake. Mdogo alicheka kwanza, kisha akakataa. Alipoulizwa sababu alisema hazitoki, basi. Mizani, aliyezoea watu kumpa mizani zao hata wasipotaka, aliona amedharauliwa. Nyumba zao zilikuwa mitaa ya jirani, lakini salamu zikawa zinapita kwa shemeji, zikifika zimepoa.

Na kwa kiburi hakununua nakala nzima ya Mzamiaji hata alipoweza. Alikuwa nazo, alisema, ni suala la kuziunganisha tu. Fundi cherehani mmoja aliwahi kuleta toleo la nne zima. Mizani akalipima na kukuta mwisho wake si ule anaoujua. Mtu mwingine angejiuliza maswali. Yeye alijenga nadharia: kwamba palikuwa na chapa mbili, ya kwanza ambayo ndiyo halali, na ya pili iliyochapwa baadaye na mchapaji mlafi aliyebadili miisho. Aliitolea mhadhara mzima chini ya ubao wa macho. Fundi cherehani alichukua lake akaondoka na hakurudi.

Basi akaja Nesi. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto, mtu wa sauti ya chini na hatua za haraka, na alikuwa mgeni kiasi kwamba aliyaweka magazeti ya baba yake kwenye mfuko uleule wa sare zake. Alipewa somo, akanawa mikono kuliko wote, kwa vile ndiyo kazi yake. Juma lililofuata alileta nakala moja ndani ya bati la biskuti. Ilikuwa toleo la saba la Mzamiaji, zima, jalada linang'aa, kutu kidogo tu kwenye pini ya chini. Baba yake, mlinzi wa ghala aliyestaafu, alilinunua jipya kwenye mlango wa kiwanda cha uchapaji alipokuwa kijana, na halijapata kutoka nyumbani kwake.

Mizani aliifungua kama jicho la mtoto. Mgongo ulikuwa safi, harufu ilikuwa ya bati, na kurasa zilitimia. Kisha akavuka katikati, akaanza kusoma kurasa ambazo maisha yake yote hajaziona. Alisoma mpaka mwisho, akalifunga, akachukua kalamu na kuandika kwenye cheti: Si chapa ya kwanza. Mwisho umebadilishwa.

Nesi alikisoma cheti polepole.

“Kwa hiyo baba yangu ni mwongo,” alisema.

“Sijasema baba, binti yangu. Nimesema nakala.”

“Nakala haikujileta kwa miguu yake, mzee. Baba amenikabidhi kwa mkono, na amenieleza. Nimwambie nini nikifika?”

Chumba kizima kikageukia ubao wa macho. Mwenyekiti, ambaye hakuwahi kumpinga mtu yeyote isipokuwa kwenye namba ya lenzi, alikohoa na kusema kwa upole kwamba mzee ndiye aliyewafundisha wote kuuliza nasaba. Basi si vibaya Jumamosi ijayo akaja na hiyo chapa ya kwanza, mbele na nyuma, ziwekwe sambamba watu waone, jambo liishe. Kama cheti kilikuwa sawa, kitabaki. Mizani alijibu kwamba hilo ni dogo. Nesi alilirudisha gazeti kwenye bati, akabana mfuniko kwa kiganja, akashuka ngazi bila kuaga.

Usiku ule Mizani hakulala vizuri, lakini haikuwa kwa shaka, kwani hakuwa nayo. Kilichomkera ni kwamba haki yake yote ilikuwa imefungiwa nyumbani kwa mdogo wake. Asubuhi akavaa kanzu ya heshima ya kwendea ugomvi wa ndugu, na mkewe akamkumbusha kwamba ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Alimjibu kwamba haendi kugombana, anakwenda kuchukua ushahidi.

Karakana ya mdogo ilikuwa nyuma ya nyumba. Majokofu yalisimama wazi kwa safu, kama wasikilizaji wanaopiga miayo. Mdogo alikuwa amechuchumaa na mtungi wa gesi akiunga bomba la shaba, na alipomwona kaka yake aliuzima moto kwanza, akafuta mikono kwenye suruali, akasimama.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Wazima humu?”

Walikuwa wazima. Shemeji alileta chai, akaiweka juu ya kompresa, akamtazama mumewe kwa jicho la kusema jiheshimu, akatoka. Mizani hakukitikisa kiti alichopewa. Kilikuwa ndoo ya rangi. Akaeleza yote tangu bati la biskuti hadi Jumamosi. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama mtu anayetoa ushahidi juu ya mizani ya muuza samaki. Akamtukana kidogo na yule mchapaji mlafi. Akamaliza kwa kusema hataki kuzichukua zile nusu, anaomba kuazima moja, toleo la saba, kwa mchana mmoja, na atairudisha kabla ya magharibi.

Mdogo aliizungusha chai kwenye kikombe.

“Na ikionekana ulivyosema sivyo?”

“Itakuwaje sivyo? Umeniambia wewe.”

“Ndiyo hiyo, kaka.”

Mizani hakuelewa, au sehemu yake ndogo ilielewa ikanyamaza. Mdogo akaenda kwenye jokofu kuukuu lililokuwa pembeni, lisilo na mota, akatoa ufunguo na kulifungua. Ndani, mahali pa nyama na maziwa, palikuwa na nusu za nyuma za Mzamiaji, zimepangwa kwenye rafu kwa namba, kila moja imefungwa kwa waya mwembamba wa shaba. Hata katika saa ile, mkaguzi hakuweza kujizuia kukagua. Pakavu, giza, raba ya mlango inabana, hakuna mende anayepita. Kabati lake mwenyewe lilikuwa la mbao na lilikaa karibu na dirisha. Aliona wivu wa ghafla. Kisha akapokea toleo la saba na kuona kila ukurasa una alama za vidole vya mafuta, za mwanzo ndogo, za baadaye kubwa juu yake, kama mtu aliyeendelea kuja kusoma maisha yake yote.

Akatoa kioo cha kukuzia. Akasoma. Mpiga pampu ameiacha pampu. Watu wawili wamepanda mashuani, wanampa mkono, wanampa na begi. Maneno yaliyo juu ya kichwa chake yanasema: Sanduku mtalitoa wenyewe, yeye hatalihitaji tena. Ukurasa unaofuata mpiga pampu anaondoka kwenye mashua ya pili, mkono juu. Chini ya maji, Mzamiaji anazikata buti zake nzito za risasi kwa kisu na kuibuka peke yake, uso umevimba. Kila picha ilikuwa kama ya ile nakala ya Nesi. Hata doa la wino kwenye wingu lilikuwa lilelile.

“Majambazi wako wapi?” aliuliza hatimaye.

Mdogo aliwaonyesha kwa kidole wale watu wawili.

“Hawa ni wanunuzi. Imeandikwa hapa.”

“Najua imeandikwa. Sasa najua.” Akakaa juu ya kompresa, karibu na chai. “Kaka, nilikuwa sijui kusoma.”

Mizani alimtazama.

“Nilikuwa sijaanza hata shule. Wewe ulikuwa unasoma nusu yako ukurasa kwa ukurasa, hukwami, sauti unabadilisha. Halafu unanigeukia, haya, zamu yako. Ningesemaje? Nikawa natazama picha. Wanashikana mikono, nikadhani wamekamatana. Huyu kanyanyua mkono, nikadhani anamwita mwenzake. Nikaunga.”

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa imekwenda tangu meno ya maziwa hadi meno ya bandia, na ingeendelea kama si bati la biskuti.

“Na ulipojua kusoma?”

“Hilo ndilo nililolifungua kwanza kabisa. Nilikuwa nimekaa pale juu ya kitanda.” Mdogo akakuna doa la risasi ya kuungia bomba kwenye goti lake. “Wewe ulikuwa chini, na ndoo kichwani. Mimi ndiye niliyekuwa na pampu, kaka. Ningekwambia nini?”

Jokofu moja lililokuwa limewashwa kwa majaribio lilitikisika, likanguruma, likazima. Mizani aliuliza kwa sauti ya kikazi ni mangapi mengine. Mdogo alihesabu kwa macho kwenye rafu na kusema mpaka la kumi na moja hivi ni ya kutazama picha; kuanzia hapo alisoma, ila la kumi na tatu aliongeza kidogo. La nne je? La nne alilibuni lote, siku hiyo alikuwa na usingizi. Mizani alimkumbuka fundi cherehani akishuka ngazi na gazeti lake kwapani, akafumba macho.

Kumbe basi ndiyo sababu hazikutoka. Hakunyimwa kwa dharau. Alinyimwa na mtu aliyekuwa akiogopa.

Ndipo mdogo, bila kumtazama, akampa mlango wa kutokea. Akasema hakuna anayejua isipokuwa wao wawili. Kaka aende Jumamosi, awaambie mdogo wake kichwa ngumu, amekataa kuzitoa. “Si nimeshakunyima miaka yote hii? Mara moja zaidi haitaniua. Wala haitakuwa uongo mpya.”

Lilikuwa pendekezo zuri. Mizani alilichukua akaenda nalo nyumbani, akakaa nalo juma zima. Kwa upande mmoja aliweka muhuri wake, mhadhara wake, na heshima ya chumba cha juu. Kwa upande wa pili alimweka mzee mmoja asiyemjua, mlinzi wa ghala, ambaye sasa hivi nyumbani kwake huenda anajieleza kwa mwanawe kwamba kweli alilinunua mlangoni, kweli lilikuwa jipya. Mkewe alimwona akiinua mkono huu, mara mkono ule, akamuuliza kama bega linamuuma.

Jumamosi alipanda ngazi za duka la miwani na mdogo wake nyuma, aliyevaa shati la kuolea na kucha ambazo sabuni ilikuwa imezikatia tamaa. Nesi alikuwa amekuja. Alikaa karibu na mlango, bati mapajani, kama mtu aliyefika kuchukua majibu mabaya ambayo ameshayajua. Mizani akaomba nakala yake, akaiweka mezani, na pembeni akaweka nusu mbili, yake iliyo safi na ya mdogo yenye mafuta. Akawaita wasogee.

Hakuzunguka. Alisema nakala ya binti huyu ni chapa ya kwanza, hali yake nzuri sana, pini ya chini ina kutu kidogo, nasaba yake ni baba yake, na baba yake amesema kweli. Chapa ya pili haipo na haijawahi kuwapo. Mchapaji mlafi anaombwa radhi popote alipo. Yeye, mpimaji, alikuwa hajapata kuiona nusu ya nyuma ya gazeti lake lolote la Mzamiaji, alisimuliwa. Akasema cheti cha toleo la nne nacho ni batili na atamtafuta fundi cherehani mwenyewe. Kisha akakitoa kile cheti cha Nesi, akakipiga mstari, akaandika kingine, na muhuri akausukuma mezani kwa mwenyekiti akautunze mpaka watakapoamua.

Mwenyekiti aliifuta miwani yake, ambayo haikuwa na kitu. Msusi aliuliza kwa huruma alisimuliwa na nani. Mizani akajibu kwamba alisimuliwa na mtu ambaye alikuwa bado hajui kusoma, na ambaye hakuulizwa kama anajua.

Mdogo alitazama mstari wa mwisho wa ubao.

Nesi alikisoma cheti kipya polepole kama cha kwanza. Hakutabasamu. Alisema ahsante, lakini maneno ya kwanza yeye ndiye aliyempelekea baba, na baba hajala vizuri tangu siku hiyo. Haya ya pili mzee ayapeleke mwenyewe. Halikuwa ombi. Ni sauti anayoitumia, nadhani, kwa watoto wanaokataa dawa.

Wakaenda wote watatu kwa miguu. Mlinzi wa ghala alikuwa kwenye kiti cha nailoni mlangoni kwake, blanketi miguuni, mtu mkubwa ambaye uzee ulikuwa umemlegeza kama gunia lililopunguzwa. Mizani alimwamkia, akavua kofia, akayarudia yote akiwa amesimama, mpaka kwenye neno lile: kwamba alisema kweli na yeye Mizani ndiye aliyekosea. Mzee alisikiliza bila kupepesa. Akamwambia binti yake awaletee wageni viti. Vilipokuja, akataka cheti, akakisoma kwa mbali, akakikunja mara mbili na kukiweka mfuko wa shati, upande wa moyo.

Baada ya hapo hasira ilikuwa imemwishia na udadisi ndio umebaki. Akasema yeye mpiga pampu huyo alimchukia maisha yake yote. Kazi ya ulinzi ameifanya peke yake, hakukubali kupangiwa mwenzake hata mara moja, na msimamizi alipouliza kwa nini, alikosa la kumwambia, kwani utasemaje kwamba ni kwa sababu ya katuni.

“Sasa wewe,” akamwuliza Mizani, “ulifikiri ilikuwaje?”

Mizani alimtazama mdogo wake. Mdogo alitazama kucha zake, akasema ni mambo ya kitoto, mzee, hayana maana. Mzee akamwambia yeye hapo alipo hana pengine pa kwenda, aseme tu.

Basi mdogo akaanza, kwa aibu, macho chini: kwamba walikuja majambazi wawili kwa mashua ya pili, wakamtaka mpiga pampu aondoke, akakataa. Wakamrukia. Nesi alikuwa ameegemea nguzo ya mlango, mikono kifuani. Mzee akainua kidole.

“Ngoja. Anapigana nao. Na pampu je? Si yule wa chini anakufa?”

Mdogo akasita. Alikuwa amesahau. Ni wazi kwamba kipande hicho kilikuwa kimempotea tangu zamani, na sasa alikuwa akitafuta cha kuunga, mbele ya mtu mzima, na hakipati.

“Alikuwa akipigana kwa mkono mmoja,” Mizani akasema. “Mwingine ulikuwa unapiga pampu.”

Mzee wa ghala akalifikiria hilo. Akavuta blanketi, akasogeza kiti chake karibu kidogo, akawaambia waendelee.